Asiyekuwepo na Lake Halipo: Mvuvi Wetu Mbele ya Sheria ya Mataifa

Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa jumuiya yetu. Imechapishwa kwa ombi la kamati.



Kamati iliponialika iliniomba nizungumze juu ya sheria ya bahari na wavuvi wetu, kisha ikanikumbusha kwamba baada yangu kuna chakula. Ujumbe niliuelewa. Nitasema jambo moja, nitalitazama pande zake, halafu nitaomba pesa.

Jambo lenyewe ni hili. Samaki wanaotulisha nyumbani wanapangiwa mambo yao katika mikutano ambayo mvuvi wetu hana kiti. Sheria ya mataifa haimjui yeye, inaijua Kenya. Akitaka kusikika huko, ama apite ndani ya ujumbe wa Kenya, ama karatasi zake zifike kabla yake. Milango hiyo miwili iko wazi, lakini inataka maandalizi, na maandalizi ndiyo tuliyokuja kuyachangia leo.

Tuanze na samaki. Jodari hana pasipoti. Anayepita mbele ya Kiwayu leo huenda jana alikuwa maji ya Somalia, na kesho atakuwa Ushelisheli au bahari kuu isiyokuwa ya mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uliipa kila nchi ya pwani haki juu ya samaki walio ndani ya maili 200 za bahari yake. Kwa samaki wanaohama, mkataba huo ukasema nchi za pwani na nchi zinazotuma meli za kuvua lazima zishirikiane. Njia mojawapo ya kushirikiana ni tume za uvuvi za kimataifa.

Tume inayotuhusu sisi ni Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi. Makao yake yako Victoria, Ushelisheli, na mkataba wake ulianza kufanya kazi mwaka 1996 chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kenya ilijiunga mwaka 2004. Mtu akisikia jina hilo hudhani ni mambo ya meli kubwa tu. Sivyo. Tume hiyo inasimamia aina 16 za samaki, na mmojawapo ni nguru. Nguru huyu huyu anayevuliwa kwa mshipi na jarife, anayeuzwa vipande sokoni Lamu, yumo ndani ya orodha hiyo. Na katika Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ya samaki wa aina hizo, inayokaribia nusu, huvuliwa na wavuvi wadogo wa pwani na si meli za viwanda. Kwa hiyo mtu wa Kizingitini ni mhusika halisi katika shughuli hii. Anavua samaki wale wale.

Sasa swali: ndani ya tume hiyo, nani hukaa mezani?

Kwanza wanakaa madola. Wao ndio wanachama, wao hupiga kura. Lakini hata hapo sheria imejikunja mara mbili tatu, na ni vizuri tujue imejikunja kwa ajili ya nani. Umoja wa Ulaya si dola, lakini ni mwanachama kamili, kwa sababu nchi zake zimeukabidhi mamlaka yao ya uvuvi na mikataba ikakubali kuupokea. Taiwan nayo ina meli nyingi za mishipi mirefu katika bahari yetu. Haikubaliki kuwa mwanachama kwa sababu tume iko chini ya Umoja wa Mataifa, lakini wataalamu wake huingia mikutanoni kama waalikwa. Huko Pasifiki ya Magharibi na Kati, tume ya jodari ya kule imeenda mbali zaidi: imewapa kiti kwa jina la Taipei ya China, si kama dola bali kama mhusika wa uvuvi. Maana yake ni kwamba mwenye meli nyingi na samaki wengi walioandikwa hutafutiwa mlango hata pale sheria inapokuwa ngumu.

Kundi la pili ni waangalizi. Mwaka 1995 nchi zilikubaliana mkataba mwingine, unaohusu samaki wanaohama na wale wanaovuka mipaka. Kifungu chake cha 12 kinasema mashirika yasiyo ya serikali yanayohusika na samaki hao yapewe nafasi ya kuhudhuria mikutano ya tume kama waangalizi au kwa namna nyingine inayofaa, yapate kumbukumbu na taarifa kwa wakati, na masharti ya kuingia yasiwe magumu kupita kiasi. Hiyo ndiyo hadhi kubwa ambayo kikundi kisicho dola kinaweza kuidai katika uvuvi wa kimataifa. Ni haki, wala si hisani. Lakini ina mipaka yake. Mwangalizi hukaa, husoma makabrasha, huzungumza akiruhusiwa na mwenyekiti. Hapigi kura. Hapeleki azimio. Na katika tume yetu, majina ya mashirika yanayoomba kuingia hupelekwa kwanza kwa wanachama, na mwanachama akipinga kwa maandishi na kutoa sababu, jambo hilo hurudishwa kwa wanachama wote waliamue.

Wanaotumia nafasi hiyo ni kina WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, na shirika la kimataifa la wavuvi wa fimbo na mshipi, na wengine wa namna hiyo. Wana ofisi, wana mawakili, wana watu ambao kazi yao ya mwaka mzima ni kusoma makabrasha yale. Baadhi yao huwatetea wavuvi wadogo, nasi tunawashukuru. Lakini anayekutetea si wewe. Akipungukiwa na fedha au akibadilisha ajenda, huna pa kumshitaki.

Kundi la tatu haliandikwi kwenye kanuni kama kundi, ila lipo. Ni watu wa makampuni ya uvuvi wanaoingia ndani ya ujumbe wa nchi zao. Kisheria, kampuni ya meli haina kura kama vile mvuvi wa Ndau asivyo na kura. Tofauti ni kwamba nchi nyingi zenye meli kubwa huwachukua watu wa makampuni hayo kama washauri. Wanakaa nyuma ya bendera, wananong'ona sikioni mwa waziri. Hakuna sheria inayoizuia Kenya kumweka mwakilishi wa wavuvi wa Lamu katika ujumbe wake kwa njia hiyo hiyo.

Naomba nieleze kwa mfano mmoja kwa nini kura ina uzito. Mwezi wa Februari mwaka 2023 tume hiyo ilifanya kikao maalumu hapa hapa kwetu pwani, mjini Mombasa. Lililokuwa mezani ni vielea vya kukusanya samaki, yale maboya yenye vyombo vya setilaiti ambayo meli za nyavu za kuzingira huyaachia baharini ili jodari wakusanyike chini yake. Chini ya vielea hivyo hukusanyika pia jodari wachanga wengi. Kikao kilipitisha azimio la kuvipumzisha kwa siku 72 kila mwaka. Lakini mkataba wa tume unampa kila mwanachama siku 120 za kuweka pingamizi, na aliyepinga hafungwi na azimio. Wakizidi theluthi moja, hata waliobaki hawalazimiki tena. Umoja wa Ulaya ukapinga, na wengine wakapinga pia, na azimio la Mombasa halikufanya kazi. Mwaka uliofuata yakatafutwa makubaliano mengine.

Sitaki tubishane hapa kuhusu nani alikuwa na hoja. Nataka tuone tu kwamba katika mabishano yote yale, kutoka kura hadi pingamizi, mvuvi hakuwa na hatua hata moja ya kuchukua kwa jina lake mwenyewe. Kura ni ya dola, pingamizi ni la dola.

Mahakama za kimataifa nazo ziko hivyo hivyo. Mlango wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague uko wazi kwa madola pekee kuwa washitaki na washitakiwa. Watu wa Kiunga wanaijua habari hii kuliko mimi. Tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama hiyo ilitoa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya. Serikali yetu haikushiriki vikao vya kusikilizwa kwa mdomo, ingawa hoja zake za maandishi zilikuwa zimekwishawasilishwa, na hukumu ilipotoka iliikataa. Hayo ni ya serikali. Mimi nilichokitafuta ndani ya hukumu ile ni wavuvi. Nao wamo. Kenya ilitoa hoja kwamba maisha ya wavuvi wake yangeathirika. Mahakama haikusema kwamba riziki ya wavuvi si kitu. Ilisema ushahidi uliowekwa mbele yake haukuonyesha kwamba watu wa pwani ya Kenya wangepata madhara makubwa ya namna hiyo.

Ndugu zangu, hilo neno ushahidi tulishike. Nani huko kwetu alikuwa na daftari la miaka ishirini linaloonyesha mashua ngapi za Kiunga na Kiwayu zilivua wapi, msimu gani, samaki gani, kilo ngapi? Wazee wetu wanayajua hayo yote, wanaijua miamba kwa majina. Lakini ujuzi wa mzee hausomwi The Hague. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ya Hamburg ina nafasi ndogo zaidi kidogo. Tume ya uvuvi ya nchi saba za Afrika Magharibi iliiomba ushauri kuhusu meli zinazovua kinyume cha sheria, nayo ikatoa maoni yake tarehe 2 Aprili 2015. Ilisema nchi yenye bendera ya meli ina wajibu wa kuhakikisha meli zake hazivui kiharamu katika maji ya wengine. Katika shauri lile WWF walipeleka maandishi yao. Mahakama haikuyaweka katika jalada rasmi la shauri, lakini iliyatuma kwa nchi wanachama na kuyaweka wazi yasomwe na watu wote. Hapo mnaona hadhi ya asiye dola ilivyo: mlango haufungwi, wala hakaribishwi ndani. Barua yake hupokelewa kizingitini. Lakini mwenye barua iliyoandikwa vizuri hata hapo kizingitini husomwa.

Sasa tugeuke nyumbani, maana nguvu yetu ya kisheria iko huku.

Katiba ya mwaka 2010 inasema mikataba ambayo Kenya imeiridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kila mtu haki ya kwenda mahakamani kulinda mazingira hata kabla hajaonyesha hasara yake binafsi. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu kufanya na kuridhia mikataba inataka wananchi washirikishwe kabla Kenya haijajifunga. Kwa hiyo mtu wa Faza asiye na sauti Victoria ana sauti Nairobi, na Nairobi ndiyo yenye kura Victoria.

Na sisi watu wa Lamu hatuhitaji kuambiwa kwamba njia hii hufika. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya bandari ya Lamu. Iliona haki za wavuvi wa asili zimevunjwa, na ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Baada ya hukumu hiyo mambo yalikwenda kwenye rufaa na mapatano, na wengi hapa wanajua urefu wa safari ile. Lakini lile la msingi lilisimama: mvuvi wa Lamu alisimama mbele ya mahakama kwa jina lake, akasikilizwa. Na kila aliyeifuata kesi ile anajua pia kilichokuwa kigumu. Mara tu fidia inapotajwa, huulizwa mvuvi ni nani, na jina lake limeandikwa wapi.

Chombo cha kuyaandika majina hayo tunacho. Ni BMU zetu, vikundi vya usimamizi wa fukwe, vilivyoanzishwa kwa kanuni za mwaka 2007 na kutambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016. BMU si kamati ya kugawa misaada peke yake. Ni kikundi chenye hadhi katika sheria: kina wanachama walioandikishwa, viongozi wa kuchaguliwa, na kazi ya kusaidia kukusanya takwimu za samaki. BMU ikiwa hai, mvuvi ana anwani ya kisheria. Ikiwa imelala, mvuvi ni mtu mmoja tu ufukweni.

Kuna anayejiuliza moyoni: wavuvi wetu hawana barafu, hawana injini, huyu anatuletea daftari. Ni swali la haki. Barafu na injini tuendelee kuzichangia. Lakini sikilizeni linalopikwa sasa. Tangu mwaka 2011 wanachama wa Tume ya Jodari wamekuwa wakijadiliana namna ya kugawana samaki, kila nchi ipewe fungu lake. Moja ya hoja kubwa ni historia: nani amevua kiasi gani miaka iliyopita. Nchi zenye meli kubwa zinataka samaki wahesabiwe kwa bendera ya meli iliyowavua. Nchi za pwani zinasema samaki waliovuliwa ndani ya maji yao wahesabiwe kuwa wao. Kila mwaka nchi hutakiwa kupeleka takwimu zake kwa tume, pamoja na za wavuvi wadogo, na pale takwimu zinapokosekana, tume hukadiria.

Mnaona lilipo tatizo. Nguru aliyeteremshwa Kizingitini, akapimwa kwa macho, akauzwa kwa tajiri na kupelekwa Mombasa bila kuandikwa popote, katika hesabu ya dunia huenda hakuvuliwa kabisa. Meli ya kigeni iliyovua maili 150 kutoka pwani yetu imeandika kila kilo. Siku ya kugawana, yeye atakuwa na historia, sisi tutakuwa na hadithi. Na fungu likishagawanywa, barafu yetu itakuwa ya kuhifadhi nini?

Kwa hiyo naiomba jumuiya, na kamati imekwisha kuliafiki hili, ichangie mambo manne mwaka huu.

La kwanza, mizani na madaftari katika sehemu zetu za kuteremshia samaki, na vijana wetu waliomaliza kidato cha nne wafundishwe kuandika aina ya samaki, uzito, chombo, zana na mahali. Nakala moja ibaki BMU, moja iende idara ya uvuvi. Nakala yetu isitoke mikononi mwetu.

La pili, kuzisaidia BMU zilizolala zifufue karatasi zake: orodha ya wanachama, uchaguzi, akaunti ya benki, kanuni ndogo. Wanasheria wa nyumbani tuko tayari kuifanya kazi hii bila malipo. Kinachotakiwa ni nauli ya boti na gharama za vikao. Nasema pia kwamba akina mama wanaokaanga na kuuza samaki wawe ndani ya orodha hizo. Riziki yao ni ya bahari vile vile.

La tatu, kusomesha vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, katika sayansi ya uvuvi na sheria ya bahari. Siku moja ujumbe wa Kenya ukienda mkutanoni, awemo ndani yake mtu ambaye baba yake au mjomba wake ni mvuvi wa kwetu, na anayeyaelewa makabrasha.

La nne, mfuko mdogo wa safari, ili mwakilishi wa BMU zetu aweze kuhudhuria mikutano ya matayarisho ambayo serikali huifanya kabla ya kwenda kwenye tume, na aombe rasmi, kwa barua, kuingizwa katika ujumbe. Wakikataa, tutakuwa na jibu la maandishi. Jibu la maandishi nalo ni karatasi, na karatasi huenda mahakamani.

Sikuahidini kwamba tukifanya haya jodari watajaa msimu ujao wa kaskazi. Bahari haina ahadi, na dola kubwa zitabaki kubwa. Ninachoweza kusema kama mwanasheria ni kwamba kila mahali ambapo wasio dola wamesikilizwa, iwe Malindi au Hamburg, walifika na mambo mawili: kikundi kinachotambulika na maandishi ya kuaminika. Haki ya kusikilizwa tunayo tayari. Hayo mawili yananunulika, na bei yake si kubwa kuliko harusi moja ya siku tatu.

Fomu za ahadi ziko mezani kwenu. Walioko Oman, Saudia na kwingineko wataletewa zao na wawakilishi wao. Aliye na kikubwa alete kikubwa, aliye na kidogo asione haya, na asiye na fedha lakini anajua kuandika vizuri ajitolee likizo moja akawafundishe vijana daftari.

Wazee wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mvuvi wetu hawezi kuwepo kila mahali. Jina lake na samaki wake wanaweza.

 Chakula kiko tayari.